Neno la Siri la Mama Bijou

Mwaka 1986 kompyuta ilifika katika zahanati ya kampuni ya shaba, na habari za wagonjwa zikatolewa kwenye makabati zikaingizwa humo. Fundi aliyeileta, sitwayen Kunda, yaani raia Kunda, kama tulivyoitana enzi zile, aliwakusanya wafanyakazi akawaonya: kila mmoja achague neno la siri la kufungulia mashine, neno asiloweza kulisahau, na asimtajie mtu yeyote.

Walifikiri kwa bidii, wakiziba vitufe kwa kiwiko. Wote wakaandika jina la mtoto wao wa kwanza. Haya, sasa niambie: Lubumbashi mtu akishazaa, nani tena anamwita kwa jina lake? Laurentine wa mapokezi ni Mama Bijou. Honorine wa famasi ni Mama Ngosa. Mganga mkuu mwenyewe ni Baba Musonda. Kila asubuhi kwenye korido ni "Yambo, Mama Bijou! Yambo, Baba Musonda!", siri za zahanati nzima zikitangazwa kwa sauti. Fundi Kunda alirudi zake Kinshasa ameridhika kabisa.

Aliyeng'amua kwanza ni Honorine, na alikuwa na sababu. Mwanawe Ngosa alitaka kumwoa Bijou, binti wa Laurentine, na Honorine hakumtaka msichana yule, basi tu, roho mbaya. Watu wa famasi hawakuruhusiwa kusoma habari za wagonjwa. Lakini siku moja Laurentine alipokwenda kula, Honorine aliketi kwenye kiti chake, akaandika BIJOU, na mashine ikafunguka kama mlango wa jirani. Aliyoyasoma kwenye ukurasa wa kwanza yalimtosha. Bijou, alipokuwa shuleni, aliugua kifua kikuu. Laurentine aliificha habari hiyo hata kwa ndugu zake, maana msichana aliyewahi kukohoa damu, nani atamposa?

Jumapili watu wa Ngosa walifika mtaa wa Bel-Air, nyumbani kwa Laurentine, kuleta mahari. Adalbert, baba mdogo wa Ngosa na msemaji wao, alikuwa ndio kwanza anasafisha koo, Honorine akamkatiza.

"Bandugu, mungoje kwanza. Huyu mutoto alikuwaka na ugonjwa ya kifua. Sindano kila siku!"

Laurentine alipandwa na hasira.

"Nani alikuambia? Ile maneno iko mu mashine tu! Ulifungula mashine yangu?"

"Bantu yote banakuita Mama Bijou," Honorine akajibu. "Mi nifanye nini?"

Adalbert akaketi polepole. Yeye naye alitibiwa zahanati ileile, na si kwa kikohozi.

"Yaya," akamwita Honorine kama dada yake mkubwa, akamuuliza kwa sauti ndogo, "ulisoma ya Bijou peke yake?"

Honorine akarekebisha kilemba chake. Mke wa Adalbert akageuza shingo akamtazama mumewe. Wazee wengine wa ukoo, wote watu wa mgodini, wote wenye habari zao mle ndani ya mashine, wakaanza kuchunguza viatu vyao.

"Mi naona," Adalbert akasema haraka, akijifuta jasho, "mutoto iko muzuri. Maneno ya madawa, tuache. Tuendelee na ndoa."

"Njo vile! Njo vile!" wazee wakaitikia, wakapiga makofi ambayo hata mkutano wa chama haujawahi kuyapata kwao.

Laurentine angecheka, lakini alimwona binti yake. Bijou alikuwa amejifunika kitenge mpaka kidevuni, na aibu ile ilimchoma mama kuliko sindano zote za mwaka ule wa ugonjwa. Msichana akasimama, akamwendea Honorine, akapiga goti kama inavyompasa mkwe.

"Mama, nilipona. Nayo iko mu mashine. Iko ku paje ya mbili."

Honorine akatazama chini.

"Sikuyua kama kuko paje ya mbili," akasema.