Shubiri Moja kwa Siku

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, fundi cherehani alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akapima kwa tepu yake nafasi iliyokuwa kati ya gurudumu la kitanda cha mama yake na sakafu. Sentimita arobaini na nne. Jana yake zilikuwa ishirini na mbili, yaani shubiri moja kamili. Akaandika ukutani kwa chaki ya kuchorea nguo, kisha akairudisha mfukoni.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulizidi kumwita Mwalimu miaka ishirini baada ya kustaafu, aliteleza mlangoni mwa bafu siku ya Jumamosi. Mfupa wa paja ulivunjika pale pale inapoishia nyonga ya chuma aliyowekewa miaka kumi na moja nyuma. Wodini watu wa aina yake waliitwa wa chuma. Kitanda cha mgonjwa anayesubiri upasuaji hupaa shubiri moja kwa siku, na kwa kuwa wa chuma ndio waliosubiri kuliko wote, vitanda vyao ndivyo vilivyokuwa juu. Wauguzi hawakuona ajabu. Siku ya pili walileta stuli, ya nne ngazi, na mti wa dripu ukarefushwa kwa mpini wa fagio.

Mwalimu alilifurahia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

"Miaka yote hii madaktari wananitazama kwa juu," alisema. "Sasa na wao waumie shingo."

"Mama, huu si wakati wa mzaha."

"Nani kacheka?"

Kweli, hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa amekwisha kuitazama dari. Juu ya vitanda viwili vya dirishani, cha mama yake na kingine kilichokuwa kitupu, palikuwa na mabaka ya jasho, madogo, ukubwa wa paji la uso. Ukutani, chini ya rangi, zilionekana tarakimu zilizoandikwa na ndugu wa wagonjwa wengine kwa penseli na kwa kucha. Hakuna iliyozidi mia mbili na ishirini.

Siku hiyo hiyo kitanda cha pili cha dirishani kilipata mtu. Alikuwa dereva wa lori, wa chuma naye, mwenye umri wa miaka sitini na nne na mke asiyebanduka ubavuni pake. Kesho yake kikaanza kupaa.

"Sista, niambie ukweli," fundi alimwuliza muuguzi aliyekuwa juu ya ngazi akipima mapigo ya moyo ya Mwalimu. "Kinachowamaliza hapa ni nini?"

"Mengi, dada. Umri. Damu ya mama ni kidogo. Moyo wake unasuasua. Kama akili ingekuwa imeanza kupotea ingekuwa mbaya zaidi, lakini huyu unamsikia mwenyewe. Halafu kusubiri."

"Umri unapunguzika?"

"Wapi!"

"Moyo?"

"Tunaubembeleza tu."

"Na kusubiri?"

Muuguzi alishuka vidato vyote kabla ya kujibu. "Kusubiri kunapunguzika. Ila hilo haliamuliwi wodini."

Liliamuliwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msimamizi wa chumba hicho, mama nadhifu mwenye miwani ya mnyororo, alibandika karatasi yenye muhuri. Waliovunjika mifupa mitupu walitangulia, kwa sababu hawachukui muda. Wa chuma waliwekwa mwisho, kwa sababu mmoja wao hula saa nne. Saa kumi jioni mlango ulifungwa, na waliobaki walirudishwa wodini na njaa yao.

"Jana mama alikuwa wa mwisho," fundi alisema Alhamisi. "Na juzi. Si angeanza leo?"

"Orodha huandikwa upya kila asubuhi," msimamizi alimjibu kwa upole. "Hatumwonei mtu."

Fundi alirudi wodini akapima. Mia moja na kumi. Akaogopa kama hajawahi kuogopa, na alipomaliza kuogopa alitoa sindano akachagua uzi mwekundu.

Ijumaa alifika mlangoni dakika tano baada ya karatasi kubandikwa. Alikuwa ameandika jina la Mwalimu kwenye kipande cha bitana nyeupe. Akaibandua karatasi, akakishona kipande juu ya namba moja kwa bakhia ndogo ndogo, uzi mara mbili, kama anayeshona mfuko wa suruali ya mtu mwenye funguo nyingi. Akairudisha mlangoni.

Msimamizi alijaribu kukivuta. Karatasi ikaanza kuchanika, akaacha. Orodha iliyochanika haitumiki, hiyo ilikuwa kanuni, na aliiandika yeye.

Daktari wa upasuaji akaja, akasoma. "Imeshonwa," alisema.

"Imeshonwa," msimamizi alikubali.

"Basi mleteni."

Wapagazi wanne walimshusha Mwalimu kwa shuka zilizofungwa mafundo. Kijana aliyevunjika kifundo cha mguu, aliyekuwa namba moja, akasogezwa awe wa pili. Alinung'unika sana, lakini kitanda chake kilikuwa sakafuni.

Mwalimu alitoka salama. Kitanda chake kikaanza kushuka, shubiri moja kwa siku, na Jumamosi, aliposhushwa tena na wapagazi, alishasimama kwa fremu ya kutembelea akimsahihishia muuguzi matamshi. Mke wa dereva alikuja na sindano mkononi.

"Dada, nifundishe nishone wapi."

"Wikendi wa chuma hawapasuliwi. Jumatatu twende wote."

Jumatatu walikuta orodha iko ndani ya fremu ya kioo yenye kufuli. Karatasi zilikuwa zinaharibika, msimamizi alieleza. Dereva alikuwa wa mwisho. Mke wake aligusa kioo kwa ncha ya sindano, pole pole, akitafuta pa kupitisha. Jumanne dereva alikuwa wa mwisho. Jumatano ngazi mpya ilifika, yenye vidato vitatu zaidi, na matroni akawakusanya wauguzi kuipokea.

"Sasa asiwepo wa kusema kwamba hatuwafikii wagonjwa," alisema.

Alhamisi asubuhi magurudumu ya kitanda cha Mwalimu yaligusa sakafu. Asubuhi hiyo hiyo dereva alifika darini. Mke wake alikuwa juu ya ngazi mpya, amemshika mkono, na hakushuka mpaka walipomwomba mara ya tatu.

Muuguzi alijaza fomu. Kwenye sababu ya kifo aliandika uzee, kama alivyoelekezwa. Mwalimu aliiomba, akaisoma yote, kisha akaomba kalamu nyekundu. Akakata neno uzee, akaandika pembeni: Alisubiri siku kumi.

"Mwalimu, hakuna kisanduku cha hilo," muuguzi alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Karani aliinakili fomu upya, safi, akaandika uzee.

Mchana walifuta mabaka ya dari na kubadilisha shuka. Jioni kitanda kilipata bibi wa chuma na mjukuu wake mkubwa, mwashi, ambaye aliuliza kama ni kweli vitanda hupaa. Aliambiwa ni kweli. Akauliza choo kiko wapi.

"Mwanangu," Mwalimu alimwita binti yake, "mimi nilipangwa mbele, yule mzee akabaki nyuma. Nenda. Mimi sipai tena."

Fundi alimpa mwashi tepu na chaki, akamwonyesha pa kupimia. Kisha akaenda mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akakigonga kioo kwa ukucha, akasikiliza unene wake. Nje ya geti palikuwa na fundi vioo aliyekuwa anafunga kazi. Fundi cherehani akamwomba amfundishe kukata kioo bila kukivunja.