Anayetazama Skrini Yangu

Nimekagua shule kwa miaka thelathini na moja, na simwamini mtu anayetabasamu kabla hajasalimiwa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kompyuta yangu iliponiletea kijisanduku chenye maneno "Skrini yako inatazamwa", sikupiga kelele. Nilijiuliza tu: ni nani, na amefika ukurasa wa ngapi?

Nilichokuwa naandika ni wosia. Kwetu Muleba wosia husomwa mbele ya ukoo matanga yakishaanuliwa, mwenyewe akiwa chini ya udongo na hakuna wa kumuuliza swali. Niliupenda sana utaratibu huo. Kibanja changu, pamoja na migomba, kahawa na makaburi yaliyomo, nilikuwa nimemwandikia mwanangu Projest, na sikutaka mtu yeyote ajue mapema. Habari ikivuja, ndugu hugombana na mzee huletewa wajumbe kila Jumapili.

Nikachukua plasta ya kidonda nikaziba kamera. Kijisanduku kikarudi. Nikafunga pazia, nikageuza meza ili mgongo wangu uelekee ukutani. Kikarudi.

Basi nikamfikiria Obedi. Obedi ni jirani yangu hapa Pasiansi, tunachangia intaneti moja, na kifaa chenyewe kiko sebuleni kwake. Nikaenda kumjulia hali nikiwa na jicho la kazi.

"Shikamoo mzee Rugemalira," akasema. "Siku hizi unaandika sana, eh?"

"Marahaba. Umejuaje kwamba naandika?"

"Si nilikuwa nakuona dirishani, mzee. Unavyogonga hivyo vitufe, utadhani unaua siafu."

Akacheka. Wezi wa mitihani niliowakamata enzi zangu walikuwa wakicheka hivyo hivyo. Nikarudi ndani nikaizima intaneti kwenye kompyuta yangu, nikakaa siku mbili sijui kinachoendelea duniani. Kila Obedi alipopita nje akanipungia mkono, nilizidi kumchukia.

Jumatano nikaibeba kompyuta hadi Nyamagana kwa Dorcas, fundi mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la vitambaa. Nilimpenda papo hapo kwa sababu hakutabasamu. Nikamwambia kuna jirani amenidukua.

"Ngoja kwanza, baba," akasema. "Onyo hili halisemi umeibiwa. Linasema kuna programu uliyoiruhusu wewe mwenyewe ione skrini yako. Ruhusa ilikuwepo siku nyingi. Kompyuta ilipojisasisha juzijuzi, ndiyo imeanza kukuambia."

"Mimi? Nimruhusu nani?"

Akafungua mipangilio, akaingia sehemu ya faragha, akanionyesha orodha ya programu zilizoruhusiwa kuona skrini. Ilikuwemo moja tu, iliyowekwa tarehe kumi na nne Machi.

"Siku hiyo ulikuwa unafanya nini, baba?"

Nilikuwa nalia. Siku hiyo mdogo wangu Kashaija alizikwa Muleba nami nina mguu uliovunjika, siwezi kusafiri. Binti yangu Kokulinda, anayeishi Dodoma, aliniongoza kwa simu niweke programu ya kumwezesha kunifungulia mazishi kwenye kompyuta akiwa huko huko. "Bonyeza ruhusu, baba. Bonyeza tena ruhusu." Nikabonyeza kila alichosema huku machozi yakinitoka, sikusoma hata neno moja. Mwalimu mkuu angenifanyia hivyo kwenye daftari la shule, ningemwandikia barua ya onyo.

"Huyo mtu anaingia kweli," Dorcas akasema, akishuka na kidole kwenye kumbukumbu za programu. "Jumatatu ameingia saa tatu asubuhi. Wiki iliyopita kaingia kila siku. Nikiondoa ruhusa hapa, onyo linakwisha. Niondoe?"

"Acha. Nitaondoa mwenyewe. Nataka kwanza nimsikie akidanganya."

Nilipofika nyumbani nikawasha intaneti, nikafungua wosia, nikampigia Kokulinda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unanitazama?"

Nikakaa sawa kwenye kiti kuusubiri uongo wake.

"Ndiyo, baba."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. "Tangu lini?"

"Mwezi uliopita. Niliingia kukuwekea kinga ya virusi, nikakuta karatasi iko wazi. Ilinipasa nitoke. Sikutoka, na hilo ni kosa langu, nisamehe. Lakini nilisoma kifungu cha tano."

Kifungu cha tano nilikijua bila kukisoma. Kilisema: Binti yangu Kokulinda ameolewa, ana kwake, kwa hiyo hatapewa sehemu ya kibanja.

"Elias aliniacha mwaka juzi, baba," akasema. "Nimepanga chumba, mimi na wajukuu zako wawili. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na msiba wa mama. Nikifa leo sijui nitazikwa wapi. Nimekuwa nikiingia kila asubuhi kuona kama umekifuta."

"Mbona hukunipigia ukaniuliza?"

"Na wewe, baba, mbona uliandika bila kuniuliza?"

Niliona aibu. Siku tatu nzima nilikuwa namtafuta mwizi, na mwanangu alikuwa anahangaika hana pa kuzikwa, nami sikujua. Nikamwambia basi aingie tena, akiandike kifungu hicho anavyotaka yeye.

"Hapana, baba. Hicho lazima ukiandike wewe."

Mshale kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe. Ukafungua mipangilio, ukaingia sehemu ya faragha, ukaenda kwenye ile programu yake na kuiondolea ruhusa. Kijisanduku kikaniambia kwamba sasa hakuna anayetazama skrini yangu. Kokulinda akaniaga, akakata simu.

Nikabaki peke yangu, kama nilivyokuwa nimetaka tangu Jumatatu, na sikuipenda hali hiyo hata kidogo. Nikafuta kifungu cha tano. Nikaandika kwamba kibanja kigawanywe nusu kwa nusu, na kwamba Kokulinda atazikwa kwetu, karibu na mama yake, siku yake ikifika.

Kisha nikampigia Projest. Yeye ndiye atakayekasirika, na nilitaka anikasirikie nikiwa hai.