Sauti Iliyochanika

Bibi harusi alikuwa ameshafika mlangoni mwa kanisa, mkono wake umeshika kiwiko cha babake, na akinamama wa mtaa wa Mususa walikuwa wameshavuta pumzi ya vigelegele, Jéthro alipobonyeza kitufe cha kompyuta. Wimbo haukutoka. Kilichotoka ni mkoromo, kama gunia kuukuu linalochanwa, na ndani yake, kwa mbali, mtu alisikika akiimba. Vigelegele vikaishia kooni. Kanisa zima likageuka kumtazama yeye.

Jéthro akafanya uso wa mtu aliyeshangaa. Uso huo alikuwa ameuandaa tangu asubuhi, maana alijua vizuri sana sauti ile ilichanikia wapi.

Basi ungemwona akifanya kazi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa sauti wa kanisa, na kompyuta ilikuwa yake mwenyewe, tena mwaka huo wa 2003 wenye kupiga muziki kwa kompyuta Butembo walikuwa wachache, naye hakuacha watu wasahau. Akapunguza sauti kwenye programu. Akapunguza kwenye meza ya kuchanganyia sauti mpaka taa nyekundu zikazimika zote. Akachomoa waya nyuma ya kompyuta, akaupuliza, akaurudisha. Kisha akaweka waya mwingine, akausogeza mbali na ule wa umeme. Akavaa vifaa vya masikioni akasikiliza peke yake. Humo wimbo ulikuwa safi, mtamu kabisa. Akavivua upesi kabla mtu hajaomba naye asikie.

Mwenye kutafuta ubovu wa sauti huanzia kwenye chanzo, akafuata waya polepole mpaka afike pale sauti inapoharibikia. Jéthro alifuata waya sawasawa, ila kila alipozikaribia zile spika mbili kubwa zilizosimama mbele ya mimbari, alikumbuka kitu fulani kwenye kompyuta akarudi nyuma. Alikuwa kama daktari anayempima mgonjwa ulimi na macho, ilhali mbwa aliyemng'ata ni wa daktari mwenyewe.

Mzee Stanislas, mtunza hazina wa kanisa, akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini kama spika ni nzima. Jéthro akajibu kwamba ni nzima. Mzee akauliza, sasa shida ni nini? Hapo angeweza kusema hajui, na neno hilo lisingemuua. Lakini macho ya watu yalikuwa yanamchoma shingoni, na nje jenereta ilikuwa inanguruma.

"Ni groupe, papa," akasema, akielekeza kidole nje kwenye jenereta. "Courant iko naruka-ruka."

Jenereta iliyotoa umeme huo ilikuwa mikononi mwa Sadrack. Huyu alikuwa mkimbizi aliyetoka msituni, mbali kupita mji wa Oicha, akaingia Butembo na mkewe Eliane na watoto wao na sufuria moja. Kanisa lilimpa chumba cha nyuma, naye akatunza jenereta na kufagia ua. Mzee Stanislas hakuupenda mpango huo tangu mwanzo. Alikitaka chumba kile kiwe stoo ya viti. Sasa akatoka nje kwa hatua za mtu aliyepata sababu, na waliokaa karibu na dirisha wakamsikia akimwambia Sadrack kwamba mwenye kushindwa kazi hawezi kulala bure, na chumba kitahitajika. Sadrack alizima mashine, akapangusa plagi kwa upindo wa shati lake, akaiwasha tena, kisha akachungulia dirishani aone kama amesaidia. Mkoromo ulikuwa uleule.

Aliyeiokoa siku ni Mama Débora, mama wa bibi harusi na kiongozi wa kwaya. Aliinuka, akaanzisha wimbo kwa koo lake mwenyewe, kwaya ikaudaka, na binti yake Keren akaingia akicheza taratibu kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Alipompita Jéthro, mama yule alimgusa bega na kumwambia asijali, mashine ni mashine tu. Jéthro alitamani ardhi immeze.

Kisa chenyewe kilianza katikati ya wiki. Jéthro alimwambia mchungaji kwamba spika zinahitaji kupitiwa na fundi kule Beni. Zilikuwa spika za kazi ya Mungu, akinamama walizipata kwa jasho la mashamba yao ya viazi, na hazikuruhusiwa kupiga muziki wa dansi hata nusu ya wimbo. Daudi, msafirishaji aliyewahi kuzileta kutoka mpakani Kasindi, akazipakia kwenye lori lake na kumpeleka Jéthro nazo. Fundi hakuwepo wala hakutafutwa. Aliyekuwepo ni kamanda mmoja aliyeandaa sherehe, kwa kuwa askari wake walikuwa wamerudi kutoka msituni, upande uleule wa Oicha. Na hakuna aliyemlazimisha Jéthro. Alijipendekeza mwenyewe, akamtuma rafiki amsemee, akakaa roho juu mpaka jibu likaja.

Ukitaka kujua sababu, ni hii: kanisani hakuna anayelitaja jina la mtu wa sauti mpaka siku sauti inapoharibika. Beni walimwita DJ. Walimwita chef, yaani mkubwa. Wimbo ulipokolea, askari walipiga kelele "bakisa", yaani ongeza, naye akaongeza kwenye programu, akaongeza kwenye meza, akaongeza kwenye amplifaya, kila mahali palipokuwa na kitu cha kuzungushwa. Taa nyekundu zikaacha kupepesa, zikawaka moja kwa moja. Akasikia harufu ya kuungua. Akasikia besi inaanza kukoroma. Akaendelea, maana walikuwa wanaliimba jina lake. Baadaye wakampa sahani ya nyama ya mbuzi, na hakuuliza mbuzi wale wametoka kwa nani, ingawa Beni nzima ilijua askari wale wametoka wapi. Alikula mpaka akalamba vidole. Kisha akafunga vizuri vitambaa vya mbele ya spika, vikaficha vilivyopasuka ndani, akarudi Butembo akijiambia kwamba labda haitasikika.

Alasiri ya harusi, watu walipokwisha kwenda kula, alirudi kanisani kuchukua kompyuta yake. Nyuma ya kanisa akamkuta Sadrack ametandika gunia chini na kuipanga jenereta yote vipandevipande juu yake. Mikono ilikuwa myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko. Mlangoni mwa chumba, Eliane alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Ndugu Jéthro, unionyeshe fasi nilikosa," Sadrack akasema. "Nimefungula yote, nimepangusa, siko naona kitu. Labda ni mikono yangu tu haiyajua."

Alisema hivyo bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja Jéthro. Mtu mzima anajitafutia kosa ambalo hanalo, tena anaomba msaada kwa yule aliyelificha. Jéthro akagugumia kwamba ataangalia kesho, akaondoka bila kompyuta. Usiku kitandani aibu ilimkaa kifuani, kila akijigeuza nayo inageuka.

Mwishowe akapata njia, na ilikuwa njia nzuri ya kumfaa kila mtu. Angesema askari walimkamata. Nani angekataa? Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na lake la kusimulia juu ya askari. Sadrack angebaki na chumba chake, na yeye angebaki na jina lake.

Jumapili akaomba nafasi ya kusema neno. Akazifungua spika mbele ya wote, akavua vitambaa, watu wakaona ile karatasi nene ya ndani imechanika na kuungua ukingoni. Akasema jenereta haina kosa na Sadrack hana kosa. Akasema kule Beni askari walimsimamisha, wakamwelekezea bunduki, wakamlazimisha kupiga muziki wao mpaka spika zikapasuka, na kwamba aliogopa kusema. Kanisa likashusha pumzi ya huzuni. Mama Débora akajifuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwani. Mzee Stanislas akainamisha kichwa, kisha akasimama na kusema, kila mtu akisikia, kwamba Sadrack na jamaa yake hawatoki. Mambo yakawa yamekwisha. Jéthro alibakiza kwenda kukaa tu.

Lakini Sadrack alikuwa ameinuka kutoka benchi la nyuma. Alikuja mpaka mbele, kucha zake bado zina mafuta ya jenereta, akaushika mkono wa Jéthro kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Na miye balinikamataka vile, kule kwetu. Balinibebesha mbuzi zangu mwenyewe mpaka kwa barabara. Usisikie haya. Haya haiko ya kwako, iko ya kwabo."

Jéthro akatazama mikono ile. Uongo aliuweza mbele ya mchungaji, aliuweza mbele ya kanisa zima, na huenda angeuweza mpaka kaburini kama si mikono ile.

"Habakunikamata," akasema. "Nilienda miye mwenyewe. Nilibaomba. Bale askari balikuwa banafurahia kurudi kutoka kwenu, na nilijua. Na ile mbuzi, Sadrack, nilikulaka."

Alisema kwa sauti ndogo, na hakuna mashine iliyokuwa imewashwa, lakini hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia. Sadrack aliendelea kumshika kwa muda, kama mtu anayengoja kuelezwa zaidi. Kisha akaachia mkono mmoja, akaachia na wa pili, akarudi kukaa karibu na mkewe. Alipokaa, akaifuta mikono yake kwenye suruali.