Taa ya Olindo

"Kioo changu mimi hakijawahi kupasuka hata siku moja!" Olindo aliitambia karakana nzima pale Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo huko Italia, huku akipiga miayo kwa uchovu. Tangu alfajiri alikuwa akipuliza taa moja tu, nyeupe kama maziwa, na mzee Bepi, mwenye karakana, alishamwahidi kwamba ikitoka salama kwenye tanuri la kupozea kioo polepole, kiti cha fundi ni chake.

Jioni Bepi akafungua tanuri. Taa ilikuwa imepasuka kuanzia shingoni hadi ukingoni.

"Mchanga mbaya huu, fundi," Olindo akasema, kope zikimwelemea. "Umeniponza."

"Mchanga?" Nives, mke wa kaka yake, alikuwa mlangoni, amefuata sufuria ya chakula cha mchana. "Shemeji, si wewe uliyeingiza polenta, ugali wako huo, humo tanurini ipate moto? Nimepita hapa mchana wenzako wamekwenda kula, mlango wa tanuri wazi, upepo unaingia, na wewe unakoroma kama nguruwe!"

Karakana ikaangua kicheko. Bepi hakucheka. Akamgeukia Olindo, akangoja.

Olindo akatafuta uongo wa pili, lakini alikuwa amechoka mno hata asiupate.