Betri Namba Ishirini na Saba

Chenda alikuwa na jambo moja la kujivunia: miaka kumi na tisa akichaji betri za gari ambazo watu waliwashia taa katika kijiji kile kinachoelea ziwani, hakuwahi kuanza mzunguko akaruka nyumba hata moja. Alfajiri alipita na mtumbwi akikusanya betri, akazipeleka kwenye jenereta lake, jioni akazirudisha zimejaa. Mwenye nyumba akiwa amelala, shauri yake. Chenda alipenyeza mkono barazani, akafungua vibanio viwili, akabeba, huyoo.

Asubuhi ile alikuwa ametoka kwa dada yake, ng'ambo ya pili, alikokaa siku mbili. Kwa Moeun, shoga yake wa tangu usichana, alimkuta mwenyewe kalala kitako, kichwa kimeegemea nguzo. Masikini, alijisemea. Mwezi haujaisha tangu Piseth, mtoto wake wa pekee, aanguke kwenye ghorofa alilokuwa akijenga Phnom Penh. Mwache apumzike. Akachomoa betri.

Ndani mwanga ulizimika. Moeun akafumbua macho.

"Chenda, umefanya nini?"

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, akionyesha laptopu iliyokuwa mkekani, kioo chake kimekuwa cheusi.

Ilikuwa ya Piseth. Juzi, Chenda akiwa hayupo, Vuthy, aliyekuwa akifanya kazi na Piseth ujenzini, ndiye aliyeileta. Betri yake ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi kwa betri ya gari tu, kama ilivyoishi kambini kwao kusikokuwa na umeme. Vuthy aliikuta inawaka, na tangu hapo hakuiacha izime hata sekunde, maana ikizima itataka neno la kuifungulia, na neno hilo Piseth alikwenda nalo. Alisafiri nayo ndani ya basi ikiwaka mapajani, betri katikati ya miguu. Betri ikichoka, aliunga nyingine ubavuni kwanza, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ndipo akaitoa ile ya zamani; na hapa aliiunga hivyohivyo kwenye betri ya nyumba. Kwa msiba ule hakukumbuka kununua flashi ya kunakilia, akawa ameifuata mjini usiku wa kuamkia siku hiyo.

Ndani mlikuwa na video fupi ambayo Piseth alijirekodi kwa ajili ya mama yake, akingoja mtandao aitume. Moeun aliitazama mara moja tu. Alikataa kuirudia, asije akamaliza chaji.

Chenda alirudisha vibanio. Laptopu iliwaka, ikaleta kisanduku kitupu. Aliona aibu ya kutamani maji yammeze. Hakuendelea na mzunguko wake. Alikaa pale pale, na wala Moeun hakumfukuza.

Vuthy alirudi jua limepanda, flashi mkononi. Alipoambiwa, alikaa mkekani mbele ya laptopu. Alijaribu jina la Piseth, ikagoma. Akajaribu jina la Moeun, kisha mwaka wa kuzaliwa, ikagoma. Alisema ikikataa mara nyingi itajifunga kabisa.

Chenda hakuweza kumtazama mtu usoni. Alikuwa akiitazama betri, na ubavuni mwake rangi nyekundu iliyochakaa, mwandiko wa kupinda. Ishirini na saba ilikuwa namba aliyoipa nyumba ile yeye mwenyewe. Jina mbele yake aliliandika Piseth, akiwa na miaka kumi, siku Chenda alipoichanganya betri yao na ya jirani. Mtoto alilia siku ile, kisha akachukua brashi, akasema sasa shangazi hutaipoteza tena.

"Vuthy," alisema, "jaribu hiki kilichoandikwa hapa. Kama kilivyo."

Vuthy alisoma herufi moja moja, akiandika polepole. Piseth, ishirini na saba. Kisanduku kiliondoka.

Moeun alisogea karibu. Vuthy alinakili kwanza, akanakili tena kwa uhakika, ndipo akaifungua ile video. Piseth alitokea, kofia ya kazi kichwani, vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Mama," alisema, "umeshakula wali?"

"Bado, mwanangu," Moeun alimjibu.

Vuthy aligeuza uso. Chenda aliinuka, akaenda jikoni kuinjika wali. Betri za watu zilimngoja mpaka kesho yake.