Kimea na Maji ya Biwi

Uji wa togwa hautiwi kimea ukiwa wa moto. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Unaepua sufuria, unasubiri, unachovya kidole. Kidole kikivumilia, ndipo unatia kimea cha ulezi na kusema bismillahi, na uji mzito unalegea, unakuwa mtamu. Ukiwa na haraka, umekiua kimea. Kwa togwa hiyo ninayouza hapa Chuno nilimsomesha binti yangu Nasra, na alipoolewa nikajiandikisha mwenyewe masomo ya jioni.

Mwalimu Erasto ndiye aliyenifundisha kwamba ndani ya kimea mna vimeng'enya, protini zilizokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake ni kukata wanga uwe sukari. Joto kali hulikunjua umbo lile na kazi inakoma. Kisha akasema kuna bakteria wanaopenda joto, ambao vimeng'enya vyao vimekazwa vizuri zaidi, havikunjuki upesi.

"Wanaishi wapi, Mwalimu?"

"Kwenye chemchemi za moto. Hata katikati ya biwi la mboji, pale panapofuka mvuke."

Dada yangu Tatu, kule Ziwani, ana biwi la maganda ya mihogo na mavi ya mbuzi. Ukilichimba asubuhi linatoa moshi kama jiko.

Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya jaribio lake mwenyewe kabla ya Ijumaa, siku ya kupeleka majina ya watahiniwa. Mwaka uliopita nilianguka mtihani. Basi katika sijida nilisema, "Ya Rabi, kama mlango huu si wangu, nionyeshe niufunge bila kulia." Nikaazimia kwamba jaribio likikataa, jina langu litolewe kwenye orodha.

Alhamisi nilifika darasani na chupa mbili: maji ya kimea, na maji ya katikati ya biwi la Tatu niliyoyachuja kwa kitambaa. Dickson, mpakuzi wa bandarini tunayekaa naye dawati moja, alinusa akarudi nyuma.

"Mama Nasra, leo umetuletea togwa ya mbuzi?"

"Nimekuwekea wewe, baba. Bandarini kuna kiu."

Nilimimina kila maji katika neli yake ya kioo, nikaziweka zote kwenye maji ya moto ya nyuzi themanini kwa nusu saa. Nikazitoa, nikasubiri mpaka kidole kikavumilia, ndipo nikatia uji mwepesi wa wanga. Baada ya muda nilidondosha tone la kila neli kwenye kigae cheupe, nikaongeza iodini. Penye wanga iodini hugeuka bluu nzito. Matone yote mawili yaligeuka bluu.

Nikakaa chini. "Mwalimu, futa jina langu."

"Kwa sababu ya tone?"

"Nilimwomba Mungu anionyeshe."

"Mungu kakuonyesha," Dickson aliuliza, "au umechungulia mwenyewe?"

Mwalimu hakucheka. "Mama, hebu nieleze ulivyofanya, tangu mwanzo."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye kidole, akanisimamisha.

"Umepoza kwa nini?"

"Nisiviue vimeng'enya."

"Usiviue kwa kitu gani?"

"Kwa moto..."

Nikajisikia mwenyewe. Vimeng'enya vile vilikuwa vya viumbe wanaoishi kwenye mvuke, nami nikavionea huruma ya kimea. Nimevitoa kwenye joto lake, nikavitaka vifanye kazi kwenye baridi.

"Havijaharibika?" niliuliza.

"Sijui. Jaribio ni lako."

Nilizirudisha neli zilezile kwenye maji ya moto. Dickson alishika kipimajoto, akawa anaongeza maji ya moto kutoka chupa ya chai kila joto liliposhuka. "Nyuzi sabini na nane, mama! Leta moto, wageni wako wanatetemeka!" Mimi midomo yangu ilikuwa inasoma dua, lakini macho hayakutoka kwenye neli.

Tukadondosha tena, tukaacha matone yapoe kwenye kigae, maana iodini haigeuki bluu kwenye wanga wa moto. Tone la kimea: bluu. Tone la biwi lilibaki na rangi ya iodini yenyewe, kahawia hafifu kama chai ya rangi. Wanga ulikuwa umekatwa.

"Rudia," alisema Mwalimu.

Nikarudia. Ikawa vilevile.

"Na jina?"

"Liache lilipo, mwanangu."

Nilipofika nyumbani niliswali rakaa mbili za shukrani. Safari hii sikuomba ishara yoyote. Niliomba nguvu za kusoma, na subira ya kuuliza kabla sijafunga mlango ambao Mwenyewe hajaufunga.

Alfajiri niliepua sufuria ya togwa, nikachovya kidole. Bado moto. Nikafungua daftari la Baiolojia, nikasoma huku nikisubiri.