Jino la Kushoto

Foklifti ilikuwa imesimama mbele ya mlango wa ghala, meno yake mawili yameinuliwa usawa wa goti. Karibu na ncha ya jino la kushoto alipiga magoti msichana aliyevaa ovaroli lililomzidi, futi mkononi, midomo ikihesabu bila sauti. Kazini walimwita Kimya. Jina hilo alipewa siku ya kwanza, na kwa kuwa hakulipinga, likamganda.

Alipima kutoka ncha hadi sakafuni, akaenda upande wa kulia akapima, akarudi kushoto akapima tena. Kisha akainuka.

“Arobaini na moja,” alisema.

“Arobaini na moja nini?” aliuliza msimamizi wa ghala.

“Milimita. La kushoto liko chini ya la kulia. Kwa meno ya urefu huu, mwisho unaoruhusiwa ni thelathini na sita.”

Nje, lori lilipiga honi. Lilikuwa limebeba mtambo wa kuchapia wa tani tatu na nusu, na dereva wake alikuwa na safari nyingine ya kuwahi. Pale kazini, mzigo wowote uliozidi tani tatu haukuguswa mpaka Kimya apime meno na atie sahihi. Meno yasipolingana, mzigo hulalia jino moja. Na mzigo uliolalia jino moja haumwambii mtu saa utakayoteleza.

Fundi wa ghala, bwana mwembamba waliyezoea kumwita Spana, alichungulia futi. “Milimita tano zilizozidi ndizo zinatuweka hapa? Mimi mwenyewe nimepinda kuliko hivyo, na mke wangu hajalalamika.”

“Hajakupima,” alisema msimamizi, na wote wawili wakacheka.

Kimya hakucheka. Alikuwa akimtazama dereva wa foklifti, mtu mfupi mwenye masharubu yaliyoanza mvi, aliyekaa kitini mikono yote miwili juu ya usukani. Alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Ndiye aliyemsuka nywele kwa miaka miwili, vibaya mno, mpaka jirani mmoja akashindwa kuvumilia akaichukua kazi hiyo. Na ndiye peke yake aliyeendesha mashine hiyo.

Mwaka uliopita Baba Mdogo aligonga rafu ya mizigo, akaandikiwa barua ya onyo. Barua ya pili ingemshusha kwenye foklifti na kumkabidhi ufagio. Kila mtu ghalani alijua hilo. Na kila mtu alijua kwamba jino la chuma nene kama kiganja cha mtu halijipindi lenyewe.

“Sakafu ya hapa mlangoni imechoka,” alisema Baba Mdogo. “Twende ndani tukapime vizuri.”

Hakungoja jibu. Alirudi nyuma, akazunguka nguzo, akaenda kusimama karibu na bomba la maji. Alisimama mara moja tu, bila kusogeza mbele wala nyuma, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe gizani.

Kimya akapima. Kulia, kushoto, kulia tena.

“Thelathini na tatu.”

“Ahsante,” alisema msimamizi, akiwa tayari ameshamnyooshea karatasi na kalamu. “Weka sahihi, mama, yule bwana wa lori atatuchoma kwa macho.”

Kimya akashika kalamu. Kifua kilikuwa kimemlegea kwa furaha. Alitaka sana iwe kweli. Akainama aweke karatasi juu ya goti, na hapo akaona maji. Bomba lilikuwa likivuja. Uzi mwembamba wa maji ulipita sakafuni, ukapinda, ukaenda moja kwa moja chini ya ncha ya jino la kushoto, na hapo ukatulia ukawa kidimbwi.

Hapo ndipo Spana alipokuwa akioshea mashine. Sakafu ilikuwa na bonde, na ncha iliyoning'inia ilikuwa juu ya bonde lile. Ndiyo maana ilionekana iko mbali na chini, kumbe chini ndiko kulikokuwa kumekimbia.

Aliinua macho. Baba Mdogo alikuwa akikikwaruza kipande cha rangi kwenye usukani kwa ukucha, na hakuacha.

Anaijua sakafu hii, Kimya aliwaza. Anaijua kama chumba chake.

Angeweza kutia sahihi. Namba alikuwa nayo, ameipima kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili. Hakuna ambaye angemuuliza kitu.

“Samahani,” alisema, kwa sauti ndogo hivi kwamba ilimbidi arudie. “Samahani. Jino haliwezi kunyooka kwa kutembea hatua arobaini. Naomba tubadilishe meno.”

“Tubadilishe?” Spana aliuliza.

“La kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, na mashine irudi hapa hapa. Kama tatizo ni sakafu, upande wa kushoto utaonekana chini vilevile. Kama ni jino, litahama nalo.”

“Unajua uzito wa jino moja? Mgongo wangu hauna spea.”

“Umeshapima mwenyewe, Kimya,” msimamizi alisema, na sasa hakuwa akitabasamu.

“Nimepima na shimo.”

Alichukua chaki mfukoni, akachora mstari kuzunguka magurudumu yote manne. Mistari ilitoka kama ya mtoto. Alipofika gurudumu la mwisho, Baba Mdogo alikuwa ameshashuka na kuchuchumaa karibu naye.

“Mwanangu,” alisema polepole, “ni milimita tano.”

“Sijui ni ngapi, Baba Mdogo. Ndiyo maana nataka kupima.”

“Unajua watakachonifanya.”

“Najua.”

“Na bado unachora.”

Alitazama chaki, akaona imekatika vipande viwili kiganjani. “Mzigo ukipanda,” alisema, “Spana ndiye anayesimama pembeni kuuongoza.”

Baba Mdogo alirudi kitini, akashusha meno juu ya magogo.

Ilichukua nusu saa. Walisukuma kwa mitaimbo, wakatoa pini, wakaviringisha meno juu ya mabomba. Spana alilaani kila kitu kilichotengenezwa kwa chuma tangu dunia ianze. Honi ya lori ililia mara tatu, kisha dereva wake akachoka akaja kuegemea mlangoni. Baba Mdogo alirudisha mashine ndani ya mistari ya chaki. Safari hii alisogeza mbele na nyuma mara nne kabla haijakaa sawa.

Kimya akapiga magoti. Alipima mara tatu kila upande kabla ya kuthubutu kusema.

“La kulia liko chini. Hamsini na moja.”

Akaegemeza futi kwenye goti.

“Bonde lilikuwa limemeza milimita tisa,” aliendelea, akiongea na futi. “Zitoe kwenye hamsini na moja, ziongeze kwenye thelathini na tatu, utapata arobaini na mbili kotekote. Ni jino. Limepinda.”

Msimamizi alivua kofia, akaivaa tena. “Limepindaje?”

Kwenye karatasi palikuwa na mstari ulioandikwa *Sababu*. Kimya aliweka kalamu hapo. Angeweza kuandika kwamba haijulikani, na kwake yeye ilikuwa kweli. Lakini aliinua uso kumtazama Baba Mdogo. Hakuwa na nia ya kumshitaki. Macho yalikuwa yamezoea kumtafuta yeye tu mambo yakiwa mazito.

Baba Mdogo alizima injini.

“Lile lori lililozama kwenye tope kule nyuma, wiki iliyopita,” alisema. “Niliingiza ncha moja chini ya ekseli nikalinyanyua. Nililisikia jino likilia. Nikajiambia ni ekseli.”

“Juzi,” alisema Spana, “niliiongoza ile jenereta ya tani mbili nikiwa nimesimama hapo. Chini ya jino hilo hilo.”

“Ndiyo.”

Spana alimtazama. Hakuwa na mzaha wowote. Akaokota mitaimbo yake, akaenda kuiweka.

Msimamizi alienda mlangoni kumwambia mtu wa lori kwamba mzigo haushuki leo. Kimya aliandika, herufi moja moja, yale Baba Mdogo aliyoyasema, bila kupunguza wala kupamba. Kisha akachukua kibao chekundu cha mashine iliyozuiwa akajaribu kukifunga kwenye usukani. Kamba ilimshinda. Machozi yalimfanya aone mafundo mawili mahali penye moja.

Baba Mdogo alimtazama akihangaika. Uso wake ulikuwa mgumu, na Kimya aliogopa kwamba ungebaki hivyo siku nyingi.

“Lete,” alisema, akamnyang'anya kamba, akaifunga mwenyewe, mafundo mawili, akaivuta kuhakikisha haitafunguka.

Kisha akashuka upande wa pili, ili asipite karibu naye.